Serikali Inapookoa Kiwanda Kinachotaka Kufungwa: Fedha Hutoka Wapi, na Mkulima Anabaki na Nini?

Kila tunapotangaza habari ya kiwanda kilichoelemewa na madeni, maswali yanayofuata hufanana. Serikali itatoa fedha? Ikitoa, ni za nani? Na mkulima aliyekwisha kupeleka mazao yake pale, atalipwa lini?

Maswali haya si ya watu wa mjini peke yao. Sisi wa Haneti na vijiji vingine vya Chamwino tunalima alizeti, ufuta na karanga pamoja na mtama na uwele wetu wa chakula. Sehemu kubwa ya mazao hayo ya biashara huishia kwenye mashine au kiwanda cha mtu mwingine. Kiwanda kikiyumba, bei ya gunia huyumba nacho. Kikifungwa, mnunuzi mmoja ametoka sokoni, na aliyebaki anajua huna pengine pa kwenda.

Katika makala hii tunaeleza njia ambazo serikali hutumia kunusuru kiwanda, na yaliyotokea pale zilipotumika: Mumias nchini Kenya, General Tyre na Urafiki hapa Tanzania, pamoja na Marekani. Mwishoni tumeweka maswali ambayo mkulima au kiongozi wa AMCOS anaweza kuyauliza kabla ya kupeleka mzigo.

KIWANDA HUFIKAJE HAPO?

Ni mara chache kiwanda kufa kwa siku moja. Kwanza kinachelewa kulipa. Aliyekuwa akilipwa ndani ya wiki mbili anaambiwa asubiri mwezi, kisha miezi mitatu. Wakulima wakichoka wanapeleka mazao kwingine au wanabadilisha zao. Malighafi ikipungua, mashine zinafanya kazi siku chache, lakini gharama nyingi hazipungui: mishahara, riba ya benki na matengenezo vipo vilevile. Hapo kila kilo inayozalishwa inakuwa ghali zaidi, na kiwanda kinazidi kushindwa kulipa.

Huo ndio mzunguko mbaya. Sababu inayouanzisha inaweza kuwa uongozi mbovu au wizi, mashine kuukuu, bidhaa za bei rahisi kutoka nje, ukame, au mkopo mkubwa uliochukuliwa kwa upanuzi usiolipa. Ukishaanza, sababu hizo huchanganyika, na kila upande humlaumu mwenzake.

NJIA TANO ZA SERIKALI

Watu wakisema “serikali imekipa kiwanda fedha”, maneno hayo yanaweza kuwa na maana tano tofauti. Ni vizuri kuzitenganisha.

Ya kwanza ni ruzuku. Hii ni fedha inayotolewa bila kurudishwa. Inatoka kwenye bajeti, yaani kodi yetu: ya sukari, ya sabuni, ya vocha ya simu.

Ya pili ni mkopo. Serikali au taasisi yake inakikopesha kiwanda kwa masharti nafuu. Fedha inatakiwa kurudi. Isiporudi, hasara ni ya aliyekopesha.

Ya tatu ni dhamana. Hapa serikali haitoi shilingi siku hiyo. Inaiambia benki au mfuko wa pensheni: mkopesheni huyu, akishindwa nitalipa mimi. Dhamana haionekani kuwa na gharama hadi siku mkopaji atakaposhindwa. Kwa Tanzania, jambo hili linaongozwa na Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya mwaka 1974, na mwenye mamlaka ya kuidhamini taasisi kwa niaba ya serikali ni Waziri wa Fedha.

Ya nne ni hisa. Serikali inaweka fedha na kuwa mmoja wa wenye kiwanda. Kikipata faida, nayo inapata. Kikipata hasara, nayo imo. Hapa kwetu hisa za serikali katika mashirika husimamiwa na Ofisi ya Msajili wa Hazina.

Ya tano ni nafuu bila kutoa fedha mkononi. Serikali inaweza kufuta au kuahirisha madeni ya kodi, au kupandisha ushuru wa bidhaa kutoka nje ili kiwanda cha ndani kipumue. Njia hii tunaifahamu vizuri kwenye alizeti, na tutairudia.

MUMIAS: MFANO WA JIRANI

Katika Afrika Mashariki, mfano unaojulikana zaidi ni kiwanda cha sukari cha Mumias, Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Kampuni ilianzishwa mwaka 1971, serikali ya Kenya ikiwa na hisa nyingi, na kiwanda kikaanza kutoa sukari mwaka 1973. Kampuni ya Booker McConnell ya Uingereza ndiyo iliyokiendesha miaka ya mwanzo.

Mumias hakikuwa kiwanda kidogo. Kwa miaka mingi kilikuwa kinara wa sukari nchini Kenya, na maelfu ya familia za wakulima wadogo ziliishi kwa miwa waliyokipelekea. Mwaka 2001 hisa zake ziliuzwa kwa wananchi kwenye soko la hisa la Nairobi, na wakulima nao walinunua. Baadaye kampuni ilijenga mtambo wa kuzalisha umeme kutokana na makapi ya miwa, kisha kiwanda cha ethanoli. Kwa mtu wa nje, kampuni ilionekana inapanda.

Ndani mambo yalikuwa mengine. Miwa ilianza kupungua. Miwa ya magharibi mwa Kenya huchukua takriban mwaka mmoja na nusu hadi miwili kukomaa, kwa hiyo mkulima anayecheleweshewa malipo anakuwa amesubiri mara mbili: shambani, kisha ofisini. Viwanda vingine vilifunguliwa jirani na kununua miwa kwa fedha taslimu, hata ile ambayo Mumias iliitolea mbegu na mbolea kwa mkopo. Sukari ya bei ya chini kutoka nje iliingia sokoni. Ukaguzi uliofanyika ulizua tuhuma nzito kuhusu namna viongozi walivyosimamia biashara ya sukari, ikiwemo ya kuagizwa nje, na mkurugenzi mkuu akaondolewa mwaka 2014.

Hasara zilizotangazwa zinaonyesha mwelekeo. Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2014, hasara ilikuwa shilingi bilioni 2.7 za Kenya. Mwaka 2015 ikawa bilioni 4.6. Mwaka 2016 ikawa bilioni 4.7. Mwaka 2017 ilifika bilioni 6.8, na mwaka 2018 ikaruka hadi bilioni 15.1.

Serikali ya Kenya iliingilia kati mwaka 2015 kwa kutoa shilingi bilioni 1. Awamu nyingine zilifuata, na kwa jumla fedha za kunusuru zilipita shilingi bilioni 3 za Kenya. Sehemu ililipa wakulima na sehemu ilitengeneza mashine. Kila awamu ilipofika, kiwanda kiliwaka, moshi ukaonekana, na watu wakafurahi. Kisha kikazima tena.

Kwa nini? Tufanye hesabu ya haraka. Hasara ya bilioni 4.6 kwa mwaka ni karibu milioni 383 kwa mwezi. Bilioni 1 ya kwanza, ukiiweka kwenye hasara hiyo, haizibi hata miezi mitatu. Fedha ilikuwa nyingi kwa macho ya mkulima, lakini ilikuwa ndogo mbele ya tundu lililokuwapo. Na ilipotolewa, miwa haikuwepo shambani. Wakulima wengi walikuwa wameng'oa miwa na kupanda mahindi. Serikali inaweza kutuma fedha kwa siku moja, lakini haiwezi kukomaza miwa kwa siku moja.

Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa inaidai Mumias, iliteua msimamizi wa kushika mali za kampuni. Desemba 2021 kiwanda kilikodishwa kwa Sarrai Group, kampuni ya Uganda, kwa miaka 20. Washindani na baadhi ya wadai walikwenda mahakamani kuupinga ukodishaji huo, na kesi zikafuatana. Uzalishaji wa sukari ulianza tena mwaka 2022 chini ya mkodishaji.

Wenye hisa wadogo, miongoni mwao wakulima, walibaki na karatasi. Wanaodai malipo ya miwa ya zamani walijikuta kwenye foleni ndefu ya wadai. Foleni hiyo ina utaratibu wake, na tutaueleza hapa chini.

GENERAL TYRE NA URAFIKI: HADITHI ZA NYUMBANI

Hapa Tanzania, wengi wanakumbuka matairi ya General Tyre kutoka Arusha. Kiwanda kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Serikali, kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, ilikuwa na hisa asilimia 74, na kampuni ya Continental ya Ujerumani ikaja kuwa na asilimia 26. Matairi yake yalivaliwa na malori na mabasi ya nchi nzima.

Biashara ilipolegea, ilitafutwa njia ya mkopo wenye dhamana. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulikikopesha kiwanda dola milioni 10 za Marekani, serikali ikiwa mdhamini. Uzalishaji ulisimama mwaka 2007. Kiwanda kikafa, deni likabaki hai.

Mfano huu unaonyesha dhamana ni kitu gani. Fedha za NSSF ni michango ya wafanyakazi: dereva, mlinzi, muuguzi wa hospitali binafsi, anayekatwa kila mwezi ili apate pensheni uzeeni. Mkopo usiporejeshwa, mfuko unabaki ukiidai serikali, na serikali ikilipa inalipa kwa kodi. Mchango wa mfanyakazi wa Mwanza unaweza kuingia kwenye mpira wa Arusha bila yeye kuulizwa.

Urafiki, kiwanda cha nguo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichukua njia nyingine. Kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Vitenge na khanga zake vilifika kila gulio, hata huku kwetu. Kilipodhoofika, katikati ya miaka ya 1990 serikali iliingia ubia na upande wa China: China ikachukua asilimia 51 na Tanzania ikabaki na 49, pamoja na mkopo wa masharti nafuu kutoka China. Kiwanda kiliendelea kwa miaka kadhaa, lakini hakikurudi kwenye nguvu zake za mwanzo. Nguo za bei rahisi kutoka nje na mitumba zilikuwa zimeshika soko, na ubia haukuziondoa.

MPANGO ULIOTANGAZWA DODOMA

Wakati mwingine serikali haiokoi kiwanda kimoja, inaokoa sekta nzima. Juni 2009, wakati dunia ikiwa kwenye msukosuko wa fedha, Rais Jakaya Kikwete alizungumza na wazee wa Mkoa wa Dodoma na kutangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya takriban shilingi trilioni 1.7.

Sehemu mojawapo ya mpango huo iliwahusu wanunuzi wa mazao kama pamba na kahawa. Walikuwa wamekopa benki na kununua kwa wakulima kwa bei ya juu, kisha bei ya dunia ikaanguka kabla hawajauza. Wangeachwa wafilisike, msimu uliofuata kusingekuwa na mnunuzi mwenye fedha. Serikali ikabeba hasara ili benki ziendelee kukopesha.

Hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Wakulima wa Kanda ya Ziwa hawakuwa na kosa kwa bei ya New York au London kuanguka. Lakini baadaye yalitolewa madai bungeni kwamba orodha ya walionufaika iwekwe wazi. Hili ni fundisho pia: fedha ya umma inayotolewa kwa haraka bila orodha huacha maswali yanayodumu kuliko shida yenyewe.

MAREKANI: ILIYOFAULU NA ILIYOGHARIMU

Wengine hudhani jambo hili ni la nchi maskini. Sivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1980 sheria ilipitishwa Marekani kuidhamini kampuni ya magari ya Chrysler kwa mikopo ya hadi dola bilioni 1.5. Masharti yalikuwa makali. Wafanyakazi walikubali kupunguziwa malipo, benki zilizokuwa zinaidai zilikubali kupoteza sehemu ya madai yao, na serikali ilipewa haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa mapema. Chrysler ilimaliza kulipa mwaka 1983, miaka 7 kabla ya muda, na serikali ikapata zaidi ya dola milioni 300 kutokana na ile haki ya hisa.

Mwaka 2009 ilikuwa zamu ya General Motors. Serikali iliweka takriban dola bilioni 50 na kuchukua hisa nyingi. Kampuni ilipona na inaendelea kuuza magari. Lakini serikali ilipouza hisa zake za mwisho Desemba 2013, ilikuwa imepoteza zaidi ya dola bilioni 10. Wapo wanaosema hasara hiyo ilikuwa bei halali ya kuokoa ajira nyingi. Wapo wanaosema ilikuwa zawadi kwa kampuni iliyoshindwa. Mjadala huo haujaisha hata huko.

Tofauti ya Chrysler na Mumias haiko kwenye wingi wa fedha peke yake. Kwa Chrysler, kila mwenye maslahi alitoa kitu kabla fedha haijatoka. Kwa Mumias, fedha ilitangulia.

MFANO MDOGO WA HESABU

Tuchukue kiwanda cha kufikirika cha kukamua alizeti. Kinadaiwa na benki shilingi milioni 1,500. Wakulima wanakidai milioni 400. Bili ya umeme ni milioni 150, na mishahara ya nyuma ni milioni 150. Jumla ni milioni 2,200. Kila mwezi kinapoteza milioni 50.

Serikali inakipa milioni 600. Uongozi unalipa umeme milioni 150 ili mashine ziwake, mishahara milioni 150 ili watu warudi kazini, na wakulima milioni 300. Fedha imekwisha. Wakulima bado wanadai milioni 100, benki bado inadai yote, na hakuna hata shilingi ya kununulia alizeti mpya.

Mavuno yanafika. Kiwanda kinawaomba wakulima walete tena kwa mkopo. Kama hasara ya milioni 50 kwa mwezi haijarekebishwa, baada ya mwaka kutakuwa na deni jipya la milioni 600, sawasawa na fedha iliyotolewa. Kiwanda kimeishi mwaka mmoja zaidi, na hakikupona.

Ndiyo maana swali la kwanza ni “kwa nini kinapoteza?” Swali la “kinahitaji ngapi?” linakuja baadaye. Kama hasara inatokana na ukame wa msimu mmoja au bei iliyoanguka ghafla, fedha inaweza kukivusha. Kama inatokana na mashine inayokamua mafuta kidogo kuliko ya mwenzake, au uongozi unaovujisha, fedha itapita kama maji kwenye chujio.

ALIZETI NA USHURU WA MAFUTA

Sasa turudi kwenye ile njia ya tano. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje: mafuta ghafi kutoka asilimia 10 hadi 25, na yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Lengo lilikuwa kuwalinda wakulima na wakamuaji wa ndani, wakiwemo wa Dodoma na Singida.

Hakuna kiwanda kilichopewa hundi. Lakini ulikuwa msaada, na kuna anayeulipia. Mafuta ya nje yakipanda bei, mama anayekaanga maandazi analipa zaidi kwa lita. Sehemu ya fedha hiyo inaenda serikalini kama ushuru, na sehemu inampa mkamuaji wa ndani nafasi ya kuuza kwa bei inayomwezesha kununua alizeti yako vizuri.

Tatizo la njia hii ni kwamba inabadilika. Bei ya mafuta ikipanda sana, wananchi wa mjini hulalamika, na serikali hulegeza mafuta ya nje yaingie. Yakiingia mengi, wakulima wa alizeti ndio hulalamika. Msimu wa 2022/23 malalamiko ya bei ya alizeti kuanguka yalisikika kanda yote ya kati, na wengi walielekeza kidole kwenye mafuta ya nje. Kwa hiyo mkulima wa alizeti ana sababu ya kusikiliza hotuba ya bajeti mwezi Juni. Panapotajwa ushuru wa mafuta ya kula, ndipo inapozungumzwa bei ya gunia lake.

KIKIFUNGWA, NANI ANALIPWA KWANZA?

Hapa ndipo wakulima wengi hushtuka. Kampuni ikifilisika, wadai hawalipwi kwa kufuata nani alianza kudai, wala nani ana shida zaidi. Sheria za kampuni, Tanzania na Kenya, zina utaratibu, na kwa ufupi uko hivi.

Benki iliyoshikilia dhamana, kama kiwanja, jengo au mashine, ina haki juu ya mali hiyo mbele ya wengine. Gharama za ufilisi wenyewe nazo hutolewa mapema. Kisha yapo madai yenye kipaumbele, kama mishahara kwa kiwango kilichowekwa na sheria, na baadhi ya kodi. Baada ya hapo ndipo wanafuata wadai wasio na dhamana. Mkulima aliyepeleka alizeti au miwa kwa ahadi ya kulipwa yumo kwenye kundi hili, pamoja na aliyeuza vipuri na aliyekodisha lori. Mwenye hisa anakuwa wa mwisho kabisa.

Mara nyingi fedha huisha kabla ya kumfikia mkulima. Kwa maneno mengine, ukipeleka mazao bila kulipwa, umekikopesha kiwanda bila riba na bila dhamana. Benki isingekubali masharti hayo.

JE, NI VIBAYA SERIKALI KUSAIDIA?

Hapana. Kufunga kiwanda nako kuna gharama, na mara nyingi gharama hiyo haiandikwi popote. Mji mdogo unaozunguka kiwanda unapoteza wapangaji, mama lishe anapoteza wateja, halmashauri inapoteza ushuru, na mkulima anapoteza soko. Mashine zikikaa miaka 5 bila kuwashwa huwa vyuma chakavu, na kuanza upya kunagharimu kuliko kuendelea.

Lakini kila shilingi inayoingia kwenye kiwanda kinachokufa haikuingia kwenye kisima, zahanati au barabara ya kuleta mazao sokoni. Zaidi ya hayo, mmiliki akijua kwamba serikali itamwokoa daima, hana sababu ya kuwa mwangalifu. Na jirani yake aliyeendesha mashine yake vizuri, bila msaada, anajikuta anashindana na mtu anayebebwa.

Kwa maoni yetu, msaada una maana pale penye mambo manne: sababu ya hasara inajulikana, wamiliki na benki nao wamekubali kuumia, malipo ya wakulima yametengwa pembeni, na kuna tarehe ambayo msaada utakoma. Likikosekana moja, hatari inaongezeka. Yakikosekana yote, fedha hiyo ni ya kuahirisha mazishi.

NANI HUKAGUA?

Fedha ya umma ikiingia kwenye kiwanda, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ana mamlaka ya kuifuatilia. Ofisi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba. Ripoti zake za mwaka hukabidhiwa kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi, kisha huwasilishwa bungeni, hapa hapa Dodoma. Kamati za Bunge, ile ya Hesabu za Serikali na ile ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, huwaita wahusika kujibu. Mbunge wako anaweza kuuliza swali kuhusu kiwanda fulani, na jibu la waziri huandikwa kwenye kumbukumbu rasmi.

Mashine ndogo za vijijini haziingii kwenye mipango hii mikubwa. Kwa vikundi, mlango uliopo ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo usio na riba, lakini bado ni mkopo.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUPELEKA MZIGO

Ukisikia kwamba kiwanda unachokiuzia kimepewa msaada, usifurahi wala usikasirike kabla ya kuuliza haya:

1. Ni ruzuku, mkopo, dhamana, hisa au nafuu ya kodi? Kila moja ina mlipaji wake.

2. Kuna kiasi kilichotengwa kwa ajili ya madeni ya wakulima? Kitalipwa kupitia AMCOS, au moja kwa moja kwenye simu na akaunti zenu?

3. Mazao mapya yatalipwa lini? Ombeni tarehe iandikwe kwenye mkataba. Neno “karibuni” si tarehe.

4. Uongozi uliosababisha hasara umebadilishwa? Kama watu ni walewale, nini kimebadilika?

5. Benki imekubali nini? Kama haijakubali kitu, inaweza kushika mali wakati wowote, hata wiki moja baada ya ninyi kupeleka mzigo.

Na kwa upande wako, tunza stakabadhi ya kila mzigo yenye uzito, tarehe na sahihi. Piga picha kwa simu yako, kwa sababu karatasi huloa na kuliwa na panya. Usipeleke mavuno yote kwa mnunuzi mmoja anayelipa baadaye. Gawanya, na sehemu iuze kwa fedha taslimu hata kama bei ni ndogo kidogo. Kama zao lako linauzwa kwa stakabadhi ghalani, fahamu kwamba mzigo wako uko ghalani chini ya usimamizi hadi mnunuzi alipe, na hiyo ni tofauti kubwa na kuumwaga kwenye yadi ya kiwanda.

Wakulima wa Mumias hawakukosa bidii, wala serikali yao haikukosa huruma. Walichokosa ni kujua mapema walikuwa wamesimama nafasi ya ngapi kwenye foleni. Sisi tunayo nafasi ya kuuliza sasa, kabla gunia halijapanda kwenye lori.